Jinsi ya kuisikiliza albamu ya kwanza ya Planxty: fuata nyuzi kabla ya mwimbaji

Wengi wanaoanza kusikiliza muziki wa asili wa Ayalandi hufungua mkusanyiko wa nyimbo hamsini, wakasikia fidla na vigelegele, na wakifika wimbo wa kumi masikio yameshachoka, kila kitu kimekuwa kimoja. Mimi nashauri njia nyingine. Shika albamu moja tu ukae nayo hadi uijue ndani na nje. Na kama ni moja, basi iwe ile ya 1973 ya kundi la Planxty, iliyobeba jina la kundi lenyewe. Wapenzi wake huiita Albamu Nyeusi kwa sababu ya jalada lake.

Mimi ni mpiga gita, na nafundisha wanaoanza. Mwanafunzi akiniuliza namna ya kumsindikiza mwimbaji bila kumfunika, simpi maelezo marefu, nampa albamu hii. Ina nyimbo 12, sita kila upande wa santuri, na inamalizika kwa muda wa dakika 40 hivi. Ndani ya muda huo utasikia watu wanne wakipeana nafasi kwa namna ambayo haikuwa imezoeleka Ayalandi kabla yao.

Nieleze hilo kidogo, maana bila kulijua utasikia uzuri lakini hutasikia upya. Miaka ya 1960 muziki wa kule ulikwenda kwa njia mbili ambazo hazikukutana sana. Upande mmoja walikuwepo waimbaji wa nyimbo za kuitikia pamoja, kama Clancy Brothers na Dubliners, wakikung'uta magita na banjo, ukumbi mzima ukiimba nao. Upande wa pili walikuwepo wapiga zumari, fidla na filimbi, waliorithi milio ya dansi na milio ya wapiga kinubi wa zamani, wakipigiana majumbani na kwenye vijiji vya magharibi. Seán Ó Riada alikuwa ameanza kuipanga milio hiyo kwa ajili ya jukwaa, kupitia kundi lake la Ceoltóirí Chualann. Ila kumchukua mwimbaji mwenye gita, ukamkalisha kiti kimoja na mpiga zumari aliyekomaa, kisha ukajaza nafasi iliyo kati yao kwa nyuzi zinazosukana, hiyo ndiyo kazi ya Planxty. Kwa hiyo ninaposema fuata nyuzi kwanza, nina maana ya kwamba ugunduzi wenyewe umekaa pale.

Wajue watu wanne kabla ya nyimbo

Christy Moore, mtoto wa mji wa Newbridge katika kaunti ya Kildare, ndiye sauti nzito na tulivu unayoisikia mwanzoni kabisa. Anapiga gita, na wakati mwingine bodhrán, ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi iliyo ndugu kabisa na dufu, ila yenyewe hupigwa kwa kijiti. Andy Irvine, aliyezaliwa London, ana sauti nyembamba zaidi, yenye huzuni kidogo hata anapochekesha. Anapiga mandolini na harmonika, pamoja na hurdy-gurdy, kile chombo cha nyuzi kinachozungushwa kwa mpini. Dónal Lunny, aliyekulia Newbridge vilevile, anapiga buzuki kwa mkono wa kushoto. Liam O'Flynn, kutoka Kill, Kildare hiyohiyo, anapiga zumari ya mfuko na filimbi ya bati.

Kiini cha kundi kilipatikana kiangazi cha 1971. Moore aliwakusanya marafiki katika nyumba moja ya zamani kwenye kijiji cha Prosperous, Kildare, wakarekodi albamu yake iliyotoka 1972 ikiwa na jina la kijiji. Hao wengine watatu wote walikuwemo. Walipoona namna sauti zao zinavyokaa pamoja, wakaunda kundi. Albamu Nyeusi waliirekodi London mwaka 1972, Phil Coulter akiwa mtayarishaji.

Mzunguko wa kwanza: usifanye lolote

Tafuta vipokea sauti vya masikioni vilivyo vizuri kiasi, au spika mbili ukae katikati yake. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo, kwa sababu mpangilio ulifikiriwa: wimbo wa maneno, kisha mlio usio na maneno, kasi ikifuatwa na utulivu. Usisome mashairi kwanza. Usitafute tafsiri ya majina ya Kiayalandi. Sikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama kuna wimbo umekugusa andika namba yake tu kwenye karatasi. Karatasi hiyo itunze, utaihitaji baadaye.

Mzunguko wa pili: nyuzi

Rudi kwenye wimbo wa kwanza, "Raggle Taggle Gypsy". Safari hii mwachie Moore aimbe peke yake huko mbele, wewe sikio lipeleke nyuma yake. Utasikia kwamba hakuna anayekung'uta noti nyingi kwa pamoja ili kujaza kelele. Mandolini ya Irvine ina sentensi zake, na buzuki ya Lunny inamjibu kwa chini. Wakati mwingine wanaigusa sauti ya mwimbaji kwa noti mbili tatu, kisha wanaiacha na kupita njia ya pembeni. Jaribu zoezi hili ambalo huwapa wanafunzi wangu: imba kimoyomoyo sauti ya Moore huku ukiifuata mandolini. Kila mara mandolini inapoachana na wimbo, inua kidole. Ubeti wa kwanza utakuchanganya. Ukifika wa tatu utaanza kutabiri.

Buzuki ni chombo cha Ugiriki, na ni haki kuuliza kilifikaje Ayalandi. Katikati ya miaka ya 1960 Johnny Moynihan, aliyepiga pamoja na Irvine katika kundi la Sweeney's Men, ndiye aliyekiingiza katika muziki wa Ayalandi. Nyuzi zake akazituni kwa noti G, D, A, D. Kisha fundi Mwingereza, Peter Abnett, akamtengenezea Lunny buzuki isiyo na mgongo wa duara kamili kama ule wa Kigiriki. Kama una gita karibu, piga D na A pamoja, uziache zilie. Utaona hazisemi kama ni furaha au huzuni. Ziko wazi, na juu yake mwimbaji anaweza kwenda popote. Kwa mtu wa gita aliyezoea kumfungia mwimbaji ndani ya noti tatu za kawaida, huu ni uhuru mkubwa, na kwangu mimi ndio sababu muziki huu hauzeeki.

Sasa ngoja wimbo uishe. Haukatiki. Nyuzi zinaendelea, mapigo yanageuka, yanakuwa ya tatu tatu, na mara uko ndani ya mlio mwingine kabisa, "Tabhair dom do Lámh", uliotungwa na mpiga kinubi kipofu Ruaidhrí Dall Ó Catháin mnamo miaka ya 1600 na kitu. Rudisha nyuma nusu dakika usikie tena. Rudisha mara ya tatu. Tafuta pale hasa ambapo mguu wako unaacha kuhesabu nne na kuanza kuhesabu tatu. Hapo ndipo njia zile mbili nilizozitaja zinapokutana: wimbo wa masimulizi ulioimbwa barabarani unashikwa mkono na mlio wa kinubi uliopigwa kwenye nyumba za mabwana, kisha zumari ya O'Flynn inaupandisha juu.

Wimbo wenyewe wa "Raggle Taggle Gypsy", ukitaka kujua, unatokana na uimbaji wa John Reilly, mtu wa jamii ya Wasafiri, watu wa kuhamahama wa Ayalandi. Alikuwa Boyle, kaunti ya Roscommon, akiishi kwa umaskini mkubwa, na mkusanyaji wa nyimbo Tom Munnelly ndiye aliyemrekodi. Reilly alifariki 1969. Hakuiona albamu hii. Rekodi zake zilitolewa baadaye, na ninakuomba uzitafute uzisikie, kwa sababu bila mtu huyo ukurasa wa kwanza wa Albamu Nyeusi usingekuwepo.

Fanya zoezi la nyuzi tena kwenye "Arthur McBride" na kwenye "The Blacksmith", nyimbo mbili anazoimba Irvine. Ile ya pili ndiyo inayofunga albamu, na ina jambo la pekee. Irvine alikuwa amezunguka nchi za Balkan mwishoni mwa miaka ya 1960, akarudi na mapigo ya kule yamemkaa vidoleni. Maneno ya wimbo ni ya msichana aliyeahidiwa ndoa na mhunzi, akaandikiwa barua nzuri, halafu mhunzi akaoa mwingine. Msichana anapomaliza kulalamika, vyombo havimalizi. Vinaingia kwenye mwendo ambao si wa Ayalandi wala si wa Uingereza, vikizidi kupanda. Mimi husikia hasira ya yule msichana humo kuliko kwenye maneno yake.

Mzunguko wa tatu: zumari

Watu wengi wakisikia zumari ya mfuko huwaza ile ya Uskoti, inayopulizwa kwa mdomo watu wakitembea. Ya O'Flynn ni nyingine. Mpigaji anakaa. Mvukuto mdogo umefungwa chini ya mkono mmoja, unasukuma hewa kwenye mfuko ulio chini ya mkono wa pili, kwa hiyo mdomo haupulizi chochote. Vidole viko kwenye bomba la kupigia, na ncha ya bomba hilo hukaa juu ya paja, mara nyingi juu ya kipande cha ngozi. Hapa pana siri yake: ukiziba matundu yote na kuibana ncha pale pajani, sauti inakatika. Zumari ya Uskoti haiwezi kunyamaza katikati ya mlio, hii inaweza. Kwa hiyo noti zinaweza kuachana, zikatoka moja moja kama mtu anayehesabu, au zikaunganishwa zikawa kilio kirefu. Ukiongeza nguvu kwenye mfuko, bomba hilohilo linaruka oktavu ya pili. Pembeni kuna mabomba matatu yanayovuma noti moja bila kubadilika, na mengine matatu yenye vibonyezo ambavyo mpigaji huvigusa kwa kifundo cha mkono huku vidole vikiendelea na kazi yao.

O'Flynn alifundishwa na Leo Rowsome, bingwa wa Dublin, na akajifunza mengi pia kwa Willie Clancy na Séamus Ennis. Ennis alipofariki 1982, zumari yake ilibaki kwa O'Flynn. Sikiliza "Junior Crehan's Favourite" ukiyajua hayo. Imepewa jina la mpiga fidla wa kaunti ya Clare, na imeunganishwa na mlio wa pili, "Corney Is Coming". Zote mbili ni rili, dansi ya mapigo ya nne yanayokimbia.

Namna ya kuisikiliza rili ni kuhesabu. Kwa kawaida ina sehemu mbili, kila moja ya hesabu nane, ya kwanza ikikaa chini na ya pili ikipanda. Gonga mguu polepole, usifuate kila noti. Baada ya mizunguko michache utajua umefika wapi bila kuhesabu, na hapo ndipo usikilizie mambo madogo: sehemu ileile ikirudi, je, O'Flynn ameipiga vilevile? Hapana. Kuna noti aliyoigonga mara tatu upesi pale ambapo mwanzo aliivuta. Kuna pengo dogo ambalo halikuwepo. Muziki huu hukua kwa mabadiliko ya ukubwa huo. Asiyehesabu atasema wanarudia kitu kimoja.

Kisha ruka hadi "Merrily Kissed the Quaker" upande wa pili. Hii ni slaidi, dansi ya kusini-magharibi, na mapigo yake yanabingirika kwa tatu tatu. Ukizisikiliza hizi mbili mfululizo, rili kisha slaidi, mwili wako utaielewa tofauti kabla ya akili.

Mwaka 1972, kabla albamu haijatoka, kundi lilipiga mjini Galway likimtangulia mwimbaji Donovan. Taa za jukwaa ziliwapiga machoni wasiwaone watu, na kelele zilipolipuka Irvine alidhani ukumbini kumezuka ghasia. Watu walikuwa wanashangilia. Ukiisikiliza zumari ikiingia nyuma ya nyuzi zile, utawaelewa watu wa Galway.

Nyimbo za Carolan zisikilizwe usiku

Milio miwili, "Planxty Irwin" na "Sí Bheag, Sí Mhór", ni ya Turlough O'Carolan, aliyeishi kuanzia 1670 hadi 1738. Ndui ilimpofusha akiwa na miaka 18, akafunzwa kinubi, akapewa farasi na mtu wa kumwongoza, na maisha yake yote akawa anazunguka nyumba za watu wenye mali akiwatungia milio. Ndiyo maana mingi imebeba majina ya wenyeji wake. Hiyo ya pili husimuliwa kuwa ndiyo aliyotunga kwanza, akiwa kaunti ya Leitrim kwa George Reynolds, kuhusu majini, wale wa hadithini, wa vilima viwili waliopigana.

Hapa sina zoezi. Punguza sauti, acha kuhesabu.

Mzunguko wa nne: maneno

Sasa soma mashairi, na toa ile karatasi yako. Anza na namba ulizoandika mwenyewe. Nakuwekea mambo machache ambayo mtu wa mbali anaweza kuyapita.

"Arthur McBride" ni wimbo wa kukataa jeshi. Vijana wawili wanatembea ufukweni asubuhi ya Krismasi, wanakutana na sajenti anayeandikisha askari, naye anawasifia mshahara na nguo nzuri. Wao wanamwonyesha kwamba nguo zenyewe si zake na kwamba ukizivaa unapelekwa kufa. Ugomvi unazuka, sajenti na wenzake wanapigwa, na ngoma yao inaishia baharini. Irvine anauimba bila kupaza sauti, na ndivyo ulivyo mkali.

"Follow Me Up to Carlow" ni kinyume chake, wimbo wa kuita watu vitani. Maneno ni ya P. J. McCall, na yanahusu ushindi wa chifu wa Kiayalandi Fiach McHugh O'Byrne dhidi ya jeshi la Waingereza la Lord Grey kwenye bonde la Glenmalure, milima ya Wicklow, Agosti 1580. Majina ndani yake yanapita kwa kasi, usihangaike nayo yote. Shika hilo la Glenmalure, mengine yatajipanga. Mbele yake, upande uleule, iko "Only Our Rivers", aliyoitunga Mickey MacConnell wa Fermanagh mwaka 1965, kuhusu nchi ambayo mito yake tu ndiyo iliyo huru. Naona ulikuwa uamuzi wa busara kuziweka hizi mbili karibu: moja inaomboleza, nyingine inachoma moto, na kati yake wamemweka Carolan na majini yake ili msikilizaji avute pumzi.

"Sweet Thames Flow Softly" inatoka London, si Ayalandi. Ni ya Ewan MacColl, mapenzi ya vijana wawili yakipanda mto Thames, kituo kwa kituo. Chukua ramani ya mto huo ufuate majina kwa kidole, utafurahi. "The West Coast of Clare" ya Irvine haihitaji ramani. Ni mtu anayerudi mahali alipopendana na mtu, Spanish Point kwenye pwani ya Clare, akakuta bahari tu. Kwa maoni yangu ndiyo wimbo bora wa upande wa kwanza, na nimeona wanafunzi wengi wakiuandika kwenye karatasi zao bila kujua neno hata moja la unachosema.

Baada ya hapo uende wapi

Kundi hili halikukaa vilevile kwa muda mrefu. Albamu ya pili, "The Well Below the Valley", ilitoka mwaka huohuo wa 1973, na wimbo ulioipa jina pia unatokana na John Reilly. Lunny akaondoka, Moynihan akaingia. Moore akaondoka 1974, akaingia Paul Brady. Mwaka 1975 likavunjika kwa mara ya kwanza. Lunny akawa katika kundi la Bothy Band, ambao albamu yao ya kwanza ya 1975 ina kasi na nguvu kuliko chochote kilichomo kwenye Albamu Nyeusi. Isikilize ukishazoea kuhesabu rili, vinginevyo itakupita.

Lakini hatua ya kwanza kabisa iwe kurudi nyuma, kwenye "Prosperous". Nayo inafunguliwa na "Raggle Taggle Gypsy" ikiingia kwenye "Tabhair dom do Lámh". Zipige mbili hizo moja baada ya nyingine, ya nyumba ya Kildare na ya studio ya London, na fuata tena mandolini na buzuki kwa kidole kama mwanzo. Kisha tafuta albamu ya Andy Irvine na Paul Brady ya 1976, usikilize "Arthur McBride" ya Brady. Ni ndefu zaidi, na yuko peke yake na gita. Linganisha wapi Irvine aliachia nyuzi za wenzake zijibu, na wapi Brady analazimika kujijibu mwenyewe kwa vidole vyake.